Kitambulisho cha Kasmiri

Rafiki yangu Denis, mpiga picha wa Korogwe, ni mbishi hata kwa aliyoyaona mwenyewe. Hili habishi.

Mama Rhoda alimletea kitambulisho cha mwanawe Kasmiri, aliyeaga anakwenda kulima Misima na hajarudi, miezi mitatu sasa. Alitaka ile picha ndogo ikuzwe, aibandike stendi ya Mombo.

"Yupo atakayemtambua," alisema.

Denis ana lenzi kuukuu ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya kuzungusha kwa mkono. Alifunga mlango na dirisha ili plastiki ising'ae, akabaki na taa moja. Akazungusha pete ya lenzi, ikikwaruza kama ina mchanga, mpaka macho ya kijana yakawa wazi kabisa, yanamtazama. Akaondoa mkono ili apige.

Pete ikaendelea kukwaruza, ikizunguka yenyewe.

Akachungulia, akaona ukungu mtupu. Akairudisha polepole mpaka kope zikaonekana tena. Zilikuwa zimeshuka.

Alimrudishia mama kitambulisho. Mama akakitazama juani, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakitazama tena.

"Baba," akamuuliza Denis taratibu, "nani amemfumba macho mwanangu?"