Kibao Namba Kumi na Tisa

Niliacha shule kidato cha pili, karo ilipokosekana. Sasa nakaa getini na Baba, kwenye njia ya kando ya kijito, karibu na ufuo wa Dunga ziwani. Kikundi chetu ndicho kilichozoa takataka, kikapanda miti, kikaweka mabenchi na kuzungusha fensi ili watu wapate mahali pa kutembea. Anayeingia nampa kibao chenye namba. Akitoka, anakirudisha msumarini. Vyote vikirudi, Baba anafunga.

Jioni hiyo namba kumi na tisa haikuwepo.

"Kamtoe, Winny," Baba alisema. "Na usianze kuangalia ndege huko!"

Nilimkuta kwenye benchi la mwisho. Msichana wa rika langu, miguu imejaa udongo mweusi. Harufu yake... kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Dada, tunafunga."

"Najua," alinong'ona. "Mnafunga kila siku."

"Nipe kibao."

"Nipe njia kwanza."

Nikacheka. "Si hii hapa? Twende."

Nilitangulia. Hatua mia mbili tu hadi getini. Nilitembea, nikatembea... nikafika kwenye benchi.

Lile lile.

Nikakimbia. Benchi tena. Kibao kilikuwa juu yake, kimelowa. Msichana hayupo.

"Winny! Umempata?" Baba aliita kwa mbali.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Lakini ilijibu. Kutoka getini.

"Nimempata, Baba. Ameshatoka. Funga twende."

Ilikuwa sauti yangu.

Mnyororo ukalia. Kufuli. Kisha kicheko changu, kikienda zake na Baba barabarani.

Wakata mafunjo waliopita kijitoni walinitoa asubuhi. Nyumbani, Mama alishika mlango.

"Umetoka wapi? Si umekunywa chai sasa hivi?"

Kitanda changu kilikuwa na udongo mweusi.

Nilipowasimulia, Baba aliketi chini kama mtu aliyepigwa. Kwetu, msichana akifa kabla ya kuolewa huzikwa nje ya ua wa boma. Kaburi moja la namna hiyo lilikuwa kando ya kijito. Tulidhani ni kichuguu. Tukalisawazisha, tukaweka juu yake lile benchi la mwisho, tukalizungushia fensi.

"Aliwekwa nje," Baba alisema polepole. "Sisi tukamfungia ndani."

Wiki hiyo hiyo kikundi kilisogeza fensi. Benchi likang'olewa.

Mimi ni binti wa pekee kwetu. Lakini kila jioni, Baba akishakula, Mama anapakua ugali na omena sahani mbili, anaziweka mkekani, kisha anatoka bila kuniangalia.

Naogopa kumuuliza ipi ni yangu.