Barua ya Kiwanja cha Kagoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Evodia aliteka maji chemchemini, akafagia uani, kisha akamsaidia mama yake kumenya ndizi za mchana. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita huko Kagoma. Baba yake, Rugaibula, alikuwa mkulima wa kahawa, na hakurudia neno mara mbili kabla ya kushika fimbo.

Siku moja mchana, mwenyekiti wa kitongoji, mzee Joackim, alimsimamisha Evodia kwenye geti la shule na kumpa bahasha.

"Mpe baba yako leo hii," alisema. "Inahusu kiwanja chake cha kule tambarare."

Evodia aliitia kwenye mkoba, akaenda kucheza mpira wa pete. Mvua ikanyesha, na mkoba ulikuwa nje. Alipoifungua bahasha, karatasi ilikuwa imelowa na wino umetapakaa, lakini mistari miwili ilisomeka: asijenge pale, na afike ofisi ya kijiji kuchagua kiwanja kingine. Evodia aliiogopa fimbo. Aliitumbukiza barua chooni.

"Nitamwambia kesho," alijisemea.

Wiki iliyofuata baba yake alianza kuchimba msingi kwenye kiwanja kile. Evodia alimbebea maji ya kuchanganyia saruji, na hakusema. Kuta zikapanda. Mabati yakafika. Kadiri nyumba ilivyokua, ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito mdomoni mwake.

Ndipo alipokuja Bi. Restituta, afisa mipango kutoka Bukoba, akapiga alama ya X nyekundu ukutani: nyumba ibomolewe.

"Lakini barua ulipelekewa," alimwambia Rugaibula.

"Nilimkabidhi Evodia mkononi," alisema Joackim, aliyekuwa amefuatana naye.

Rugaibula alimgeukia binti yake. "Ulipewa barua?"

"Hapana, tata," Evodia alimjibu baba yake. "Sijaona barua yoyote."

Mkutano wa kitongoji uliamini kuwa Joackim hakuifikisha barua, ukamwondoa kwenye uenyekiti. Watu waliacha kumsalimu. Rugaibula alipokutana naye njiani alitema mate chini. Shuleni, watoto walimwita Renatha, binti wa Joackim, "mtoto wa mwongo." Renatha alikuwa akikaa dawati moja na Evodia tangu darasa la kwanza. Sasa alihamia nyuma, peke yake. Evodia aliona yote hayo kwa miezi miwili, akanyamaza.

Siku tingatinga lilipofika, Joackim alikuja kusaidia kutoa mabati. Rugaibula alimkunja shati.

"Tazama. Uongo wako ndio unaoibomoa nyumba yangu."

Mzee alikuwa bado ameshika bati la nyumba ile.

"Tata, mwachie," Evodia alisema. "Barua alinipa. Ililowa, nikaitupa chooni."

Rugaibula aliachia shati. Alimtazama binti yake, kisha akamwendea Bi. Restituta, aliyesimama kando ya tingatinga. "Umesikia mwenyewe, mama. Sikujua. Simamisha hiyo mashine."

"Siwezi," alijibu. "Uwanja wa ndege wa Bukoba umebanwa kati ya mji na ziwa. Ndege moja ikiwa chini, nyingine inasubiri, na abiria wanajazana. Hakuna pa kuupanua. Ndiyo maana mkoa umetenga ardhi hii mapema kwa uwanja wa pili, ndege nyingine zije zitue huku. Nikiiacha nyumba yako, mwakani zitakuwa kumi, na hapa patabanana kama kule." Alimgeukia Evodia. "Ungesema wakati wa msingi, baba yako angepoteza mawe tu."

Kisha akampungia dereva mkono. Ukuta wa kwanza ulianguka mara moja. Immakulata, mama yake Evodia, alikaa chini kwenye nyasi akalia, na Evodia alipomsogelea, alimsukuma.

Jumapili baada ya misa, Evodia alisimama mbele ya kitongoji kizima akasimulia alichofanya. Wengine waliguna, wengine walicheka. Joackim alirudishiwa uenyekiti, na Rugaibula akamwomba radhi mbele ya watu. Kijiji kilimpa Rugaibula kiwanja kingine, kama barua ilivyosema, ng'ambo ya barabara.

"Nisamehe, babu," Evodia alimwambia Joackim.

"Nimekusamehe," mzee alisema. "Lakini miezi miwili watu walinipita kama kisiki, na mwanangu alikaa peke yake. Hiyo huwezi kuturudishia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha, watalibeba wengine."

Renatha hakurudi kwenye dawati lao.

Nyumbani, Rugaibula hakumpiga Evodia. Hakumsemesha kabisa, wiki tatu nzima. Kila jioni Evodia alibeba matofali yaliyosalia, mawili mawili, hadi kiwanja kipya, viganja vikachubuka. Jumamosi moja baba yake alifika pale na kamba ya kupimia msingi. Alitazama huku na huku, hakukuwa na mtu mwingine.

"Shika huku," alisema.

Evodia akashika.