Maji ya Vuguvugu ya Leocadia

Leocadia ana miaka sabini na sita. Tangu usichana wake anaoka mikate ya muhogo. Kila asubuhi huwasha kuni chini ya bamba pana la chuma, hutandaza unga, hugeuza. Binti yake, Ramonita, hukuna muhogo na kuukamua. Nusu ya mji wetu wa Monción hula mikate yao.

Wiki moja ya joto kali, mambo yaliharibika. Jumatatu Leocadia aliinuka akayumba. Jumanne aliacha mikate mitatu ikaungua. Jumatano alimtazama binti yake akasema, "Zunilda, lete unga."

Ramonita aliacha kukuna muhogo. Zunilda alikuwa dada wa mama yake. Alikufa miaka tisa iliyopita.

"Mama, ni mimi, Ramonita."

"Kwani nimesema nani? Lete unga, acha maneno."

Mkono wa Leocadia ulikuwa karibu kabisa na moto.

Ramonita hakuweza kula mchana ule. Akili ya mama inaondoka, aliwaza. Leo amesahau jina, kesho ataangukia moto. Akaficha kibiriti.

"Kibiriti changu kiko wapi?"

"Pumzika, Mama. Umezeeka."

"Ukinitoa kwenye bamba langu, nunua na jeneza kabisa. Usifanye safari mbili."

Ramonita alimkimbilia jirani yao Bienvenida, mhudumu wa afya wa mtaa. Bienvenida alikuja palepale.

"Mama Leocadia, leo umekunywa nini?"

"Kahawa, alfajiri."

"Na maji?"

"Wewe si umezaliwa hapa hapa? Mwili ukishapata moto wa bamba, mtu hagusi maji mpaka apoe. Unataka baridi ya maji inipindishe mdomo?"

"Unapoa saa ngapi?"

"Jioni. Na nikinywa jioni, usiku kucha ni safari za choo. Miguu yangu si kama yenu."

Bienvenida alimgeukia Ramonita. "Mtu kuchanganyikiwa ghafla si uzee. Ni dalili ya ugonjwa, na magonjwa yenyewe ni mengi. Twende kliniki sasa hivi."

Daktari alipima shinikizo la damu, damu na mkojo. Mkojo ulikuwa wa rangi nzito. Mwili ulikuwa umekauka maji, na hilo ndilo lililomchanganya. Leocadia alitundikiwa dripu, akalazwa siku mbili. Ramonita alikaa kando ya kitanda, akisikiliza kila pumzi.

Siku ya kurudi nyumbani, Bienvenida alileta birika. "Mtu akizeeka, kiu hupungua, lakini mwili bado unataka maji. Usisubiri kiu."

"Na mdomo wangu ukipinda?"

"Kama unaogopa ya baridi, kunywa ya vuguvugu, na tangawizi. Kikombe kabla ya kuwasha moto, kingine kila baada ya mikate kumi. Jioni punguza. Oka mapema kabla ya jua kali, ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukiinuka, inuka taratibu."

"Kumbe aendelee kuoka?" aliuliza Ramonita.

"Aoke. Kazi inamchangamsha, na watu wanakuja kuongea naye. Mrudishie kibiriti."

Ramonita alikirudisha, lakini moyo haukutulia. Wiki tatu alisimama mlangoni akimchungulia mama yake. Asubuhi moja Leocadia alimaliza kikombe chake, akageuza mkate, akasema bila kuinua macho:

"Ramonita, umesimama hapo kama mlingoti. Njoo ugeuze huu, unaungua."

Ramonita alienda. Mkate ulikuwa umeungua ukingoni. Waliula wenyewe.