Ovaroli Isiyo na Grisi

Kila asubuhi baba alivaa ovaroli yake ya kiwanda cha nyuzi, akaaga, akatoka. Aliyeifua ni binti yake wa sekondari, ambaye baba mwenyewe alimtania kwa jina la Msomi. Zamani ilirudi na grisi mpaka kwenye kola. Sasa ilirudi safi. Msomi aliifua hivyo hivyo, akanyamaza. Mama naye alinyamaza. Kiwanda kilikuwa kimefungwa na nyumba nzima ilijua, ila kila mmoja alijifanya hajui, ili baba asiaibike.

Siri hiyo ilimkaba Msomi. Usingizi ulimruka. Darasani maneno ya mwalimu yalimpita tu. Mwishowe akaacha shule kimyakimya, akawa anamenya viazi katika hoteli ya sokoni. Naye pia aliaga kila asubuhi, amevaa sare ya shule. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Siku moja jirani yao, afisa ustawi wa jamii, aliingia pale kunywa chai, akamwona. Jioni akapiga hodi kwao.

"Baba Msomi," alisema, "mwanao haendi shule."

Baba alimgeukia bintiye. "Unanidanganya?"

"Na wewe, baba?"

Baba alikaa chini. Mama alianza kulia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," jirani alisema taratibu. "Sheria ipo. Aliyeachishwa kazi ana haki ya mafao kwa muda, huku akitafuta kazi nyingine. Mtoto wake husamehewa ada, na shuleni kuna mshauri wa kuzungumza naye. Lakini ni lazima ujiandikishe ofisi ya kazi. Serikali haipigi ramli."

"Nikajianike mbele za watu?"

"Kilichofungwa ni kiwanda. Wewe hujafanya kosa."

Kesho yake baba na binti walikwenda pamoja. Walikuwa wamechelewa. Sehemu ya mafao ilikuwa imepotea. Msomi alikuwa amekosa mtihani, ikambidi arudie darasa na watoto aliowazidi kimo. Iliwauma wote. Lakini ada ilisamehewa, mshauri akawa anamsikiliza, na baba akaanza mafunzo ya kutengeneza pampu za maji. Kazi bado hakupata.

Jioni moja alirudi, akaketi mezani karibu na bintiye.

"Leo nimekataliwa tena," alisema.

Msomi alimtazama. Hakuwahi kumsikia akisema neno kama hilo.

"Mimi leo nimefeli hesabu," alijibu.

Baba akasogeza kiti chake karibu zaidi. "Ilete tuione."