Aliyemsuka Babra

Saa nane mchana Babra alisimama mlangoni, nywele zimesukwa mistari sita na kupakwa mafuta.

"Nani amekusuka?" Athieno aliuliza.

"Si wewe?"

Athieno hakuwa ameinuka kitini tangu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za watu na kuziandika kwa kompyuta, nyumbani kwake Busia, upande wa Uganda. Haikuwa na bosi wala saa ya kutoka. Ukikataa kazi moja, anapewa mtu mwingine. Alidhani jirani ndiye aliyesuka, akarudisha spika masikioni. Kusema kweli, alishukuru. Mtoto wa miaka sita asiyeita mama kila dakika ni mapumziko.

Wiki ile alikuta vyombo vimeoshwa. Alikuta maharage yameiva. Jikoni kulinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi. Badala ya kuuliza, alikubali kazi mbili zaidi.

Peninah, Mkenya aliyevuka mpaka kila siku kuuza mitumba na kuacha mizigo yake kwa Athieno, ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya chini, nje, amekataa kuingia.

"Mama Babra, uko na pacha?"

"Pacha wa wapi?"

"Usicheke. Nimekuona dirishani unaandika. Nikazunguka nyuma kuchukua mzigo, nikakuona jikoni unalisha mtoto. Umenisalimia, na mdomo wako haukufunguka."

"Jua limekupiga wewe."

Athieno akarudi kwenye rekodi. Mzee mmoja alikuwa akieleza bei ya mahindi, na nyuma yake mwanamke akimbembeleza mtoto ale, kijiko kimoja, kingine, kwa sauti ambayo Athieno aliijua kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, na alipozivua spika ile sauti haikukoma, maana haikuwa kwenye rekodi hata kidogo, ilikuwa inatoka jikoni pamoja na harufu ile ya udongo.

"Babra!" aliita. "Njoo hapa!"

Mtoto alichungulia, akamtazama kama anavyomtazama mtu wa sensa. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni.

"Mama, huyu mgeni anataka nini?"

Jioni hiyo Athieno alimbeba kwa nguvu, mtoto akilia na kumpiga mateke, hadi kijiji cha Buteba kwa Asio, mwanamke anayetoa majini. Asio aliuliza jambo moja tu.

"We umefanya kazi kwa matanga?"

Mama mkwe wake alizikwa kijijini Nabuyoga mwezi wa tano. Kwa mila, siku tatu baada ya mazishi hakuna anayeshika jembe. Siku hizo Athieno alijifungia na kompyuta, akifanya kazi, ndani ya nyumba ya marehemu, kwa kuwa ndiko hakukuwa na kelele.

"Sikushika jembe," alijitetea.

"Mkono ni mkono. Nyumba ya maiti inaingiwa na vitu. Jini imekuona unafanya kazi peke yako, ikajua unatafuta msaidizi." Asio hakuwa na huruma. "Rudi huko ukae siku tatu, mikono tupu. Simu pia. Ukigusa kazi, mtoto umeipa jini."

Athieno alikaa uani Nabuyoga, mgongo kwenye ukuta wa nyumba ile. Siku ya kwanza Babra hakumsogelea. Siku ya pili alikuja kuomba maji. Siku ya tatu, jua likiwa bado juu, alimlalia mapajani, akamwita mama, kisha akaenda kucheza.

Simu ikatetemeka. Kazi ya miezi sita, ajibu ndani ya dakika kumi.

Athieno alimtazama mtoto akikimbia, akaitazama simu, akafikiria wateja wanavyopotea na miezi ilivyo mirefu, na kwamba jua lilikuwa limebakiza kidogo tu, na kwamba neno moja si kazi, mtu yeyote mwenye akili anajua neno moja si kazi, na kidole kikaandika: Nipo.

Babra akajikwaa. Goti likachubuka.

"Mama!"

Athieno akatupa simu, akanyoosha mikono.

"Nipo," sauti yake ikajibu, kutoka ndani ya nyumba ya marehemu.

Mtoto akaipita mikono ile, akaingia. Mlango ukafungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.