Mkono wa Tahar

Adhuhuri ya Ijumaa, wenzake wakiwa msikitini, Bouchta alisikia nyundo ya Tahar ikigonga katika chumba cha nyuma cha karakana. Tahar alikuwa nyumbani kwake, mkono wake wa kulia umekufa toka begani.

Bouchta alichungulia. Hapakuwa na mtu. Juu ya jiwe la kukatia palikuwa na nyota za vigae vya kijani, zimekatwa sasa hivi, bado zina joto. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Yeye na Tahar walikuwa mashemeji, Tahar amemwoa Zhor, dada yake Bouchta. Miaka ishirini walikata vigae pamoja hapo Fez, na miaka yote watu walimsifu Tahar. Lalla Ghita, mama tajiri wa mjini, alipotaka chemchemi ya vigae uani mwake, alisema, "Nampa Tahar. Wewe Bouchta utamkorogea plasta." Siku hiyo Bouchta, kwa wivu, aliinamia shimo la maji machafu la karakana, maskani ya mashetani, akanong'ona: "Mliomo humo, uchukueni mkono wake." Siku ya tatu Tahar aliangusha bilauri ya chai, na mkono haukuinuka tena. Kazi akapewa Bouchta.

Jioni ile ya Ijumaa Lalla Ghita alikuja, akaokota nyota moja. "Bouchta! Kumbe ulikuwa unatuficha?" Akaokota nyingine, akacheka. "Na hii kakata nani, kwa meno?"

Hiyo ya pili ndiyo aliyoikata Bouchta mwenyewe.

Mama yule alipoondoka tu, Bouchta alizikusanya zile nyota nzuri akazipiga nyundo moja moja, huku akilia kwa hasira, huku ile harufu ikizidi na kumwingia kooni, hata akahisi kuna pumzi shingoni mwake, na kutoka shimoni sauti ikamwuliza polepole:

"Mbona unavunja? Ulisema tuuchukue. Tumeuchukua. Tunautumia."

Alikimbia bila viatu mpaka kwa fakihi Mfeddal, akamweleza.

"Uliyemdhulumu yu hai," fakihi alisema. "Twende ukamwambie mwenyewe. Mimi nitasoma."

Bouchta alisema yote mbele ya Tahar na Zhor. Zhor alimtazama kaka yake kama mtu asiyemjua. "Wewe? Umekula kwangu kila Ijumaa!"

"Mwache," Tahar alisema kwa sauti ndogo. "Nimekusamehe, shemeji."

Fakihi alisoma hadi jasho likamtiririka. Kidole kimoja kikacheza, kisha vyote. Zhor akapiga kigelegele. Bouchta akapiga magoti aubusu mkono ule, nao ukamkamata koo.

"Si mimi!" Tahar alipiga kelele akiuvuta kwa mkono wa kushoto. "Wallahi, Bouchta, si mimi!"

Fakihi na Zhor waliubandua kidole kwa kidole.

Bouchta aliacha ufundi. Tahar alirudi kazini, na watu wanasema sasa anakata vizuri kuliko zamani. Ila Zhor, kabla hajamlaza mtoto kati yao, huchukua mtandio wake akaufunga mkono wa mumewe kwenye nguzo ya kitanda, mafundo matatu, na Tahar mwenyewe humwambia, "Kaza zaidi."