Muage Mtoto Kabla Hujaondoka

Cherehani ya Mama Kifungo ilikaa mlangoni, penye mwanga. Ukipita mtaa ule asubuhi, unaisikia kabla hujaiona. Mama mwenyewe alivaa futi ya kupimia nguo shingoni tangu anapoamka. Mume wake, fundi rangi, alimtania kwamba siku moja ataoga nayo.

Binti yao walimwita Kifungo. Jina lake la kweli lipo, lakini hata bibi yake alishalisahau. Tangu alipojua kutambaa, kazi yake ilikuwa kuokota vifungo vilivyoanguka chini ya cherehani. Alivipanga kwenye kifuniko cha ndoo. Vyeupe huku, vyeusi kule. Vya matundu mawili mbali na vya matundu manne.

Siku moja akaja mwalimu wa chekechea ya mtaa. Chekechea hiyo ilikuwa kwenye ukumbi wa mikutano. Wazazi wenyewe waliupaka rangi, na kila mzazi alikuwa na zamu yake ya kwenda kusaidia. Mwalimu alileta kitambaa cha kushona pazia. Akamwona mtoto chini.

"Huyu ana umri gani?"

"Anaelekea miaka minne, Mwalimu."

"Mlete. Nusu ya kazi yangu ameshaianza hapo chini."

"Hapo anachezea vifungo tu."

"Ndiyo hiyo. Anachambua, anapanga, anahesabu bila kujua kwamba anahesabu. Mimi nitamwongezea wenzake wa kugombana nao."

Mama Kifungo akacheka.

"Ila nisikilize," Mwalimu akasema. "Siku za mwanzo ukae naye ukumbini mpaka azoee. Na siku ukiondoka, muage. Mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Usimtajie saa ya ukutani, haijui. Mwambie, nitarudi mkimaliza hadithi. Atalia. Mwache alie, mimi nipo. Lakini usimtoroke."

"Sawa, Mwalimu," akajibu Mama Kifungo, mguu wake ukiwa tayari kwenye pedali. Shule zilikaribia kufunguliwa, na sare za watu zilikuwa zimejaa mpaka kitandani. Alilolisikia vizuri ni neno "mlete". Mengine yalikwenda na kelele za cherehani.

Jioni alimsimulia wifi yake, dada wa fundi rangi. Wifi alilea watoto wanne, na hakuna jambo duniani alilokosa jibu lake.

"Umuage?" Wifi akasema. "Ukimuaga mtoto mtashinda huko mnaliliana. Mngoje ashike kitu. Akishashika, nyanyuka polepole kama unayekwenda kujikuna. Basi, umeshafika nyumbani."

"Akinitafuta je?"

"Atakutafuta, atachoka, atanyamaza. Wangu wote niliwafanyia hivyo. Wamekufa?"

Hawakuwa wamekufa. Mama Kifungo akaona jambo hilo limekwisha.

Siku ya kwanza alikaa ukumbini kidogo. Palikuwa na beseni la maji na vikombe vya ukubwa mbalimbali. Kifungo akapiga magoti, akaanza kumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile. Alisahau dunia. Mama yake akanyanyuka polepole, akapita nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, akatoka.

Asubuhi ile alishona kama cherehani ina mabawa. Hakuna wa kumvuta gauni, hakuna wa kuuliza kitu.

Mchana alipomfuata, alimkuta mtoto ameketi mlangoni, viatu mkononi. Hakulia. Wala hakumkimbilia mama yake. Alishika ncha ya futi iliyoning'inia shingoni mwa mama, akaikunja kiganjani, akaenda nayo hivyo hivyo mpaka nyumbani.

"Si nilikwambia?" akasema Wifi.

Siku iliyofuata Kifungo hakushika kikombe. Alishika futi. Mama alikaa, akangoja, akahesabu sare moyoni. Mwisho akaivua futi taratibu shingoni, akamwachia mtoto, akatoka. Kifungo akabaki na futi isiyo na mtu.

Mchana Mwalimu alimngoja mlangoni.

"Leo amelia mpaka akatapika. Ulimuaga?"

"Nilimuaga," akasema Mama Kifungo.

Neno hilo lilitoka haraka kuliko alivyotaka. Mwalimu akaliamini. Na kwa kuwa aliliamini, akatafuta sababu mahali pengine. Alimpima mtoto joto. Aliwauliza wenzake kama kuna aliyempiga. Alihamisha beseni, akidhani labda anaogopa maji. Alitafuta sana, lakini alilolitafuta halikuwa mle ukumbini.

Baada ya hapo Kifungo alikataa kuvaa viatu. Ukimvalisha hiki, anavua kile. Mwalimu akaja nyumbani. Fundi rangi alikuwepo siku hiyo.

"Mtoto hajakomaa, Mwalimu," Mama Kifungo akasema. "Na kusema kweli, kule wanacheza tu. Kucheza hata hapa anacheza."

"Mama Kifungo, mtoto wa umri huu anasoma kwa kucheza. Akimimina maji anajifunza kingi na kidogo. Akifinyanga udongo, vidole vinapata nguvu ya kushika penseli. Akingoja zamu yake kwenye bembea, anajifunza kungoja. Akisimuliwa hadithi, anajifunza kusikiliza mpaka mwisho. Darasa la kwanza watamdai hayo yote siku ya kwanza."

"Atajifunza huko huko."

"Kule wapo wengi, na mwalimu ni mmoja. Na lipo somo jingine. Kuachana na mama asubuhi, na kuona kwamba mama hurudi. Hilo ndilo la kwanza kabisa."

Mama Kifungo akamtazama mumewe. Fundi rangi akatazama dari yao, ambayo ilikuwa inabanduka rangi tangu mwaka juzi.

"Tumwache akomae kidogo," akasema fundi rangi.

Kwa hiyo Kifungo akabaki nyumbani. Alikaa chini ya cherehani, mkono mmoja kwenye vifungo, mkono mwingine kwenye ncha ya futi. Mama akinyanyuka, naye ananyanyuka. Watu walicheka. "Mama Kifungo, leo umefungwa kamba kama mbuzi," walisema wateja. Naye alicheka nao. Siku nyingine alikwenda msalani na mtoto akangoja nje, ameshika futi iliyopita chini ya mlango.

Mwaka ule akazaliwa mtoto wa pili, wa kiume. Fundi rangi alimtazama akasema, "Huyu ndiye pindo. Nguo imeisha." Na jina likawa Pindo.

Kifungo akafika umri wa darasa la kwanza. Huko hakuna mzazi anayekaa darasani. Mwalimu wa darasa aliandika ubaoni, watoto wakaandika. Kifungo alitazama mlango. Wenzake waliimba, yeye alitazama mlango. Hakuwa mjinga. Nyumbani alikuwa anajua kuchagua kifungo kinachofanana na shati kuliko baba yake. Lakini kichwa hakiwezi kuwa ubaoni na mlangoni kwa wakati mmoja. Mwaka ukaisha hajui kusoma hata neno fupi. Wakamrudisha darasa lile lile, na watoto wa mwaka uliofuata wakamkuta hapo.

Alipoambiwa hilo, Kifungo alirudi nyumbani moja kwa moja. Akavimwaga vifungo vyote chini, akavipanga upya mpaka giza likaingia.

Pindo naye akafika miaka minne. Safari hii Mama Kifungo alimpeleka chekechea mwenyewe, na cherehani akaifunika kitambaa. Alikaa ukumbini siku za mwanzo kama alivyoambiwa. Zamu yake ya kusaidia ikaangukia siku hizo hizo, akawa anaosha vikombe huku anamtazama mwanawe.

Siku moja alikuja mama mmoja kijana, msusi, na mtoto wake mgeni. Mtoto akapiga magoti kwenye beseni. Msusi akasubiri kidogo. Kisha akanyanyuka polepole, akapita nyuma ya pazia, akatoka.

Mama Kifungo aliijua njia ile. Ila hakuwahi kuwa upande wa ndani.

Mtoto wa msusi alimimina maji, akacheka, akageuka amwonyeshe mama yake. Akakiona kiti alichokuwa amekalia mama yake, kitupu. Akakitazama kile kiti kwa muda. Akaenda, akakishika. Akaangalia nyuma ya pazia. Akafungua kabati la vitabu. Akainama, akatafuta chini ya meza ndogo za watoto, mahali ambapo mtu mzima haenei hata akijikunja. Alikuwa hajalia bado. Alikuwa anatafuta tu, kwa bidii, kama mtu aliyepoteza kitu kwa kosa lake mwenyewe.

Kikombe kikamponyoka Mama Kifungo. Mwalimu alimbeba yule mtoto, akakaa naye mpaka kilio kilipokuja na mpaka kilipopungua. Ilichukua muda mrefu.

Watoto walipolala, Mama Kifungo akamfuata Mwalimu.

"Mwalimu, Kifungo sikumuaga."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza. Wala ile ya pili. Nilikudanganya."

Mwalimu alikuwa anakausha vikombe. Akaendelea kukausha kikombe kile kile.

"Nilihamisha beseni," akasema mwishowe. "Nilifikiri ni maji."

"Niliona aibu."

"Ungeniambia, Mama Kifungo, ningejua pa kuanzia. Tungemrudisha pole pole. Leo kidogo, kesho zaidi. Sina kazi nyingine hapa zaidi ya hiyo. Mzazi akinificha, nafanya kazi gizani."

"Na sasa?"

"Sasa ni mkubwa, hapa hawezi kurudi. Siwezi kukudanganya kwamba ni sawa na wakati ule. Lakini kumuaga unaweza kuanza leo. Na ukisema utarudi wakati fulani, rudi wakati huo huo. Usichelewe hata kwa sababu nzuri. Mtoto hajali sababu, yeye anatazama mlango."

Asubuhi iliyofuata Mama Kifungo aliwachukua watoto wote wawili. Chekechea ilikuwa njiani kuelekea shule. Mlangoni alichuchumaa mbele ya Pindo, uso kwa uso.

"Pindo, mama anakwenda nyumbani kushona. Mtacheza, mtanawa mikono, mtasimuliwa hadithi. Hadithi ikiisha, utaniona hapa. Haya, kwaheri."

Pindo akapasua kilio. Akamng'ang'ania mguu. Mwalimu akampokea, akamwambia mama aende, na mama akaenda, machozi yakimlenga. Alipofika kona akageuka. Kilio kilikuwa kimeshapungua. Siku hiyo hadithi ilipoisha alikuwa mlangoni. Na siku iliyofuata. Haikupita muda, Pindo akawa yeye ndiye anayemsukuma: "Nenda bwana, mama, nachelewa."

Lakini asubuhi ile ya kwanza, walipokuwa wanaendelea na njia, Kifungo alitembea akigeuka kutazama kule chekechea. Karibu na lango la shule akauliza.

"Kumbe unajua kuaga?"

Mama akasimama.

"Mimi hukuniaga," Kifungo akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja rangi ya kitu. "Nilifikiri nilimwaga maji mengi. Ndiyo ukaondoka."

Mama Kifungo alitaka kusema kwamba zilikuwepo sare, kwamba Wifi alisema, kwamba alikuwa hajui. Lakini alikuwa ameambiwa.

"Hukukosea kitu, mwanangu. Nilikutoroka mimi. Nilifanya vibaya. Nisamehe."

Kifungo akatazama viatu vyake. Kengele ikalia.

"Leo nakwenda nyumbani," mama akasema. "Nitakuwa kwenye cherehani mpaka utakaporudi. Sitatoka. Kwaheri, Kifungo."

Wenzake wakacheka, jitu zima linaagwa. Kifungo akaingia ndani.

Wakati wa mapumziko, Mama Kifungo aliinua macho kutoka kwenye kola ya shati. Binti yake alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, anahema. Alikuwa amekimbia kutoka shule. Akamtazama mama yake kwenye cherehani. Hakuvuka. Akageuka, akakimbia kurudi. Wiki hiyo alifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara alimkuta. Mteja mmoja alimwita Mama Kifungo dukani kwake kupima mapazia, akakataa mpaka jioni. Kisha Kifungo akaacha kuja kuchungulia. Mwalimu wa darasa akasema siku hizi macho yake yako ubaoni. Mwisho wa muhula alisoma ukurasa mmoja kwa sauti, kidole chini ya kila neno, na fundi rangi akausikiliza hadi mwisho bila kutazama dari.

Wifi naye alipewa habari zote. "Wangu hawakufa," akasema. "Ila yule wa tatu, hata leo, ukimwambia ngoja hapa, hangoji."

Si kila kitu kilirudi. Mpaka leo mama akinyanyuka ghafla, mkono wa Kifungo huinuka wenyewe kutafuta futi. Halafu anauona, anaurudisha pajani.

Jioni moja nyuzi ziliisha. Kifungo alikuwa uani, anaosha vyombo.

"Nakwenda kwa muuza nyuzi," mama akamwambia. "Nitarudi kabla hujamaliza hivyo vyombo."

"Nenda," Kifungo akasema, bila kuinua kichwa.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo. Mama akaenda kwa furaha. Kwa muuza nyuzi alikuta watu wengi, na rangi aliyoitaka ilikuwa juu kabisa ya rafu. Akarudi mbio, futi inampiga kifuani, akijua vyombo vilikuwa vichache.

Alimkuta Kifungo bado ameinama kwenye beseni. Vyombo vyote vilikuwa vimeshaoshwa na kupangwa, vikubwa huku, vidogo kule, vimeanza kukauka. Mkononi ilikuwa imebaki sahani moja. Ilikuwa imetakata zamani. Kifungo alikuwa anaiosha tu, pole pole, anaizungusha, anaiosha tena.

Alipomwona mama yake, akaisuuza, akaiweka pamoja na nyingine.

"Nimemaliza," akasema.